Pareto za Rangi

Kila mwaka, mwezi wa tisa unapokaribia kwisha, supamaketi iliyo jirani na kwangu hapa Hounslow hupanga ndoo za maua mlangoni, pale ambapo majira ya joto waliweka magunia ya mkaa wa kuchomea nyama. Ni krisanthemamu: za njano, za rangi ya shaba, za zambarau iliyopauka. Watu hupita na vitoroli vyao bila kuziangalia. Mimi husimama. Huchuma jani moja, jani tu, nikalisugua kati ya vidole na kulipeleka puani. Mlinzi wa pale ameshanizoea, siku hizi hata hanifuati kwa macho. Harufu yenyewe si ya maua. Ni chungu, ina ubaridi ndani yake, inakaribiana na dawa ya mbu na majani makavu yaliyolowa mvua. Ikinifika kooni, miguu huanza kuwasha, nataka kwenda mahali nisipopajua, na mara nakuwa tena mtoto wa miaka kumi, nyuma ya nyumba yetu ya kupanga kule Rayners Lane, namtazama mama yangu anavyochimba.

Nianze na Mama, maana bila kumjua yeye hamtaona kwa nini bustani ile ilikuwa kioja. Mama alikulia Uporoto, milimani Mbeya, kwenye familia ya wakulima wa pareto. Kama hujawahi kuiona, pareto ni ua dogo jeupe lenye kitovu cha njano, linakaushwa na kusagwa ili kutengeneza dawa ya wadudu. Utoto wake wote Mama aliupitisha akiwa ameliinamia ua hilo. Alichuma kabla ya shule na baada ya shule, vidole vikimwasha, pua ikimtiririka, asubuhi ambazo sakitu, ule umande ulioganda, ilikuwa bado imelala juu ya majani. Alipopata nafasi ya kusomea uuguzi aliapa kwamba hataliinamia tena ua lolote maishani. Na kweli, katika nyumba zote tulizopanga London, nasi tulihama sana, hapakuwahi kuwa hata na ua la plastiki. Nyuma ya ile ya Rayners Lane palikuwa na kipande cha nyasi, kamba ya kuanikia nguo, na baiskeli ya mdogo wangu Gwakisa iliyolala ubavu kama mbuzi mgonjwa.

Mwezi wa nne mwaka ule Baba akasafiri.

Ndivyo Mama alivyotuambia asubuhi, akiwa ametupa mgongo, anaosha kikombe ambacho nilikiona kabisa kuwa ni safi. Baba amekwenda Mbeya, alisema, kusimamia ujenzi wa nyumba ya bibi yetu, na atarudi kabla baridi haijaanza. Mbona hakutuaga? Ndege iliondoka alfajiri. Baba alikuwa mpakiaji wa mizigo uwanja wa ndege, kwa hiyo nilidhani watu wa namna yake huingia tu kwenye ndege kama wengine wanavyoingia kwenye basi. Gwakisa, aliyekuwa na miaka sita, aliuliza kwa Kiingereza kama Baba atarudi na mbwa. Mama akasema tutaona.

Tangu siku hiyo Mama akaacha kukaa. Sisemi kwa mzaha. Alipika amesimama, akala amesimama, sahani mkononi, mgongo kwenye friji. Alipiga pasi vitu ambavyo havijawahi kupigwa pasi, soksi, taulo, vitambaa vya kufutia vyombo. Akitoka zamu hospitalini, kabla hajavua koti, alishazunguka vyumba vyote kama mtu aliyepoteza ufunguo. Na sisi watoto tukaambukizwa. Gwakisa alianza kuruka juu ya kochi, mimi nikawa natafuna mikono ya sweta mpaka ikawa na vinyuzinyuzi. Nyumba nzima ilikuwa inatapatapa na hakuna aliyesema kwa nini.

Jumapili moja ya mwezi wa tano, tumetoka kanisani, Mama alitoka nyuma bila hata kubadili gauni, na kisu kikubwa cha jikoni mkononi, akapiga magoti na kuanza kukata nyasi zile kwa mistari, kama mtu anayekata keki. Alizing'oa vipande vipande, akavirundika karibu na baiskeli. Udongo wa chini ulikuwa mweusi, umejaa mawe na vigae vilivyovunjika. Alikuwa hajafika mbali, kichwa cha jirani yetu kilipojitokeza juu ya uzio.

Huyo ni Bibi Hansa. Alizaliwa Tabora, baba yake akiwa na duka la vitambaa, akaja London akiwa bi harusi kijana. Kiswahili chake kilibaki kinywani kama alivyoondoka nacho, na Mama alipenda kusema kuna maneno ya Bibi Hansa ambayo mara ya mwisho aliyasikia kwa bibi yake mwenyewe. Alikuwa mfupi, na msuko mmoja wa nywele nyeupe mgongoni, na juu ya sari alivaa mabuti ya mpira ya marehemu mumewe, yaliyomzidi hivi kwamba yeye hugeuka kwanza, buti hufuata. Hakuwa mtu mpole. Alikuwa na haraka na kila kitu, na alizungumza na watu wote kana kwamba wamemchelewesha.

"Mama Atu," aliita, "unazika nini huko?"

Atu ni mimi, kifupi cha Atupele. Mama alijifuta jasho kwa kiwiko.

"Sijui bado," akajibu.

Bibi Hansa aliangalia ule udongo, akamwangalia Mama, akatoweka. Aliporudi alizunguka kwa mlango wa mbele, na sinia la vikopo vya mtindi mikononi, kila kikopo na mche wake mdogo. Yeye alijaza uzio wake wote kwa maua hayo kila mwaka, kwa sababu ikifika Diwali alihitaji kuyatunga mashada kwa ajili ya miungu yake kwenye kona ya sebule, na alikataa katakata kununua. Aliyaita sevanti. Alimpa Mama mche mmoja. Mama akachuma jani, akalinusa, na akarudi nyuma hatua kama mtu aliyekutana na nyoka.

"Hii ni pareto," alisema.

Bibi Hansa akasema si pareto, ni ndugu yake, mtoto wa shangazi. Mama alibaki ameushika ule mche, uso umebadilika, na mimi niliyekuwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni nilijua kabisa ataurudisha. Badala yake akasema, "Basi nipe za rangi. Nyeupe sitaki kuiona." Ndiyo sababu nyumbani kwetu hatukuwahi kuyaita krisanthemamu. Yaliitwa pareto za rangi, na hadi leo nikisikia mtu akilitaja lile jina la kitaalamu hunichukua muda kidogo kuelewa anasema nini.

Tulipanda kadiri Bibi Hansa alivyoelekeza. Zile fupi mbele, za njano. Nyuma yake za rangi ya shaba. Nyuma kabisa, karibu na uzio, zambarau ndefu zinazohitaji kufungwa kwenye vijiti. Alitueleza kwamba wakati bustani za watu zinageuka matope na majani yaliyooza, hizi ndizo zitaanza, kabla ya baridi. Mimi nilishika neno moja tu katika maelezo hayo: kabla ya baridi. Maua yangekuja kabla ya baridi na Baba angekuja kabla ya baridi, kwa hiyo kichwani mwangu wangefika pamoja, kwa mlango mmoja.

Miche ilipofikia urefu wa shubiri, Bibi Hansa alikuja na kuanza kuivunja vichwa kwa kucha zake, mmoja baada ya mwingine. Gwakisa alilia kwa sauti. Ikabidi aelezwe kwamba mche ukiachwa hivyohivyo utapanda juu peke yake, mwembamba, na ua moja kileleni. Ukikatwa kichwa utatoa mikono, na kila mkono utakuwa na maua yake. Mama aliisikiliza habari hiyo kwa makini kuliko sisi, na siku zilizofuata akavunja vichwa kwa bidii ambayo haikuwa ya lazima. Halafu akaanza kuihamisha. Leo shaba ziko mbele, kesho ziko nyuma. Akitoka zamu utamkuta ameng'oa tatu, amezishika kama kuku, anatafuta pa kuziweka. Bibi Hansa akamwambia, "Mama Atu, maua si viti." Aliache shina lishike udongo, akasema, litafanyaje mizizi likiwa safarini kila siku? Mama alicheka, akaahidi, na baada ya siku chache akahamisha tena.

Baba alipiga simu kila Jumapili. Mbeya kuna baridi, alituambia, na hilo lilikuwa kweli, mwezi wa sita Mbeya watu huvaa makoti. Nilimuuliza nyumba ya bibi imefika wapi, akasema imefika kwenye lenta, juu ya madirisha. Jumapili iliyofuata nikauliza tena, bado lenta. Nyumba hiyo ilikaa kwenye lenta majira yote ya joto. Siku moja, akiwa katikati ya kusema, ikasikika ambulansi ikipita karibu naye, king'ora kilekile chetu kinachopanda na kushuka. Gwakisa alifurahi mno kwamba Mbeya nao wana ambulansi kama za London. Baba akasema ndiyo, wameletewa. Mama akachukua simu mkononi mwangu na kutoka nayo bustanini. Nilimwona dirishani. Alisikiliza zaidi kuliko alivyosema, na kwa mkono uliobaki alikuwa akinyofoa majani mazima, ya kijani, yasiyo na kosa.

Matumba yalianza siku zilipofupika, madogo na magumu kama mbaazi. Njano zikafunguka kwanza. Nakumbuka nikirudi shule mbio, begi likinipiga mgongoni, nafika na kuangalia kwanza viatu vilivyoko mlangoni, halafu ndipo niende nyuma kuangalia maua. Viatu vilikuwa vyetu tu. Nyuma kulikuwa na rangi zaidi kila siku, zile za shaba zikawaka kama sufuria zilizosuguliwa kwa mchanga, na kadiri zilivyozidi kupendeza ndivyo mimi nilivyozidi kukasirika, maana zilifunguka bila kungoja mtu. Kulikuwa na miche miwili ambayo Mama aliinunua mwenyewe kwa kuvutiwa na picha kwenye kibandiko, yenye maua makubwa kama ngumi. Mvua moja ya usiku iliyamaliza. Yalikunywa maji, yakainama, yakaoza yakiwa bado kwenye shina. Zile ndogondogo za Bibi Hansa zilijikung'uta tu na kuendelea.

Bibi Hansa aliona huo ndio wakati wa kutukemea sote. Ua halichaguliwi kwa picha, alisema, linachaguliwa kwa macho, likiwa limesimama kwenye udongo, mwezi wa kumi, baada ya kunyeshewa. Yeye kila mwaka wakati huo alikwenda Ilford, kwa kaka yake aliyekuwa na bustani kubwa, kuchagua ya kupanda mwakani. Kwa kuwa ilikuwa likizo fupi ya shule na Mama alikuwa zamu, ikakubaliwa niende naye nikamsaidie kubeba. Gwakisa akapelekwa kwa rafiki wa kanisani.

Wakati huo treni mpya ya zambarau, inayolikata jiji moja kwa moja, ilikuwa haijaanza. Tulivuka London nzima na kubadilisha treni Liverpool Street, Bibi Hansa akinishika kifundo cha mkono, si kiganja, kama polisi. Kaka yake alitufungulia, akatusalimu, akarudi kwenye kriketi yake na kutuachia bustani. Sijasahau nilichokiona nyuma ya ile nyumba. Mbingu ilikuwa ya kijivu, uzio wa kijivu, kuta za majirani za kijivu, na katikati yake safu kwa safu za rangi ambazo sikujua maua yanaweza kuwa nazo: rangi ya tofali, ya manjano ya mboga, ya mvinyo, ya chai ya maziwa. Hewa ilikuwa imejaa ule uchungu. Bibi Hansa alipita katikati yake ameinua sari, akiyatikisa mashina kuona kama yameshika vizuri, akigeuza majani kutazama chini yake kama kuna wadudu. Nilijifunza kwake siku ile kwamba unatazama ua lililofunguka ili ujue rangi ya kweli, lakini unayemchukua nyumbani ni ndugu yake ambaye matumba yake bado yamefunga.

Mimi nilichagua moja tu. Lilikuwa jekundu la kukolea kama maharage, na mgongo wa kila petali ulikuwa dhahabu, kwa hiyo upepo ukipita lilionekana kama linageuzageuza mawazo. Nikamuuliza Bibi Hansa kama litakuwa bado linachanua Baba akirudi. Akaniuliza Baba anarudi lini. Nikasema sijui. Alipekuapekua ile safu, akavuta kopo lililokuwa nyuma kabisa, lenye mche ambao matumba yake yalikuwa bado mabichi na magumu, hata rangi hayaoneshi. "Chukua huu," alisema. "Huu hauna haraka."

Mvua ilianza tukiwa tunarudi stesheni. Tulikuwa kwenye barabara ya maduka, watu wengi, miavuli, harufu ya kuku wa kukaanga na udi. Bibi Hansa akanivuta chini ya turubai la duka ili afunike makopo kwa mfuko wa plastiki. Lilikuwa duka la kufulia nguo, lile la mashine za kutumbukiza sarafu. Kioo kilikuwa na mvuke, hewa ya mlangoni ilikuwa ya moto na ya sabuni. Ndani, mtu mmoja aliyetupa mgongo alikuwa anakunja shati. Alilibana shati chini ya kidevu, akalikunja mikono yote miwili nyuma kwa pamoja, kisha akaliangusha mezani likiwa limeshakuwa pembe nne. Nilikuwa nimemwona mtu mmoja tu duniani akikunja shati namna hiyo.

Nilisukuma mlango. Kopo langu lilikuwa kifuani, limefungwa kwa mikono yote.

"Shikamoo, Baba," nilisema, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa kuanza.

"Marahaba," akajibu, kwa sababu naye ndivyo alivyozoea, na hapo ndipo akageuka. Alikuwa amepungua. Viatu vyake vilikuwa na unga mweupe kwenye mishono. Shati jingine lililokuwa kidevuni likadondoka sakafuni.

"Umerudi lini?" nikamuuliza.

Aliniangalia mimi, akaangalia lile kopo, akamwangalia Bibi Hansa aliyekuwa amesimama mlangoni, maji yakimtiririka.

"Sijaenda mahali, mwanangu," alisema. "Nilikuwa hapahapa."

Swali lililonitoka baada ya hapo linanichekesha na kuniumiza hadi leo. Nilimuuliza nyumba ya bibi imefika wapi.

Akaniketisha kwenye benchi mbele ya mashine iliyokuwa ikizunguka, akaniambia hakuna nyumba. Mengine aliniambia pale, mengine niliyapata miaka ya baadaye, na hapa nayaunganisha. Wakati wa baridi alikuwa amepoteza kazi uwanja wa ndege. Alishindwa kumwambia Mama. Kila jioni alivaa sare yake, akachukua chakula alichofungiwa, akatubusu, akaondoka. Na usiku kucha alipanda basi hili na kushuka lile, akizunguka London mpaka muda wa kurudi nyumbani ufike. Siku moja Gwakisa alishikwa na homa kali, Mama akapiga simu kazini kwake, akaambiwa mtu huyo hayupo tangu zamani. Mama hakukasirikia kazi. Alikasirikia chakula alichokuwa akikifunga kila jioni. Alimwambia aende akakae mahali pengine mpaka ajifunze kusema jambo kabla hajaulizwa. Ile hadithi ya Mbeya waliitunga wote wawili, kwa haraka, jikoni, wakisikia sisi tunaamka. Sasa alikuwa na chumba Ilford, na kazi kwenye duka la kuoka mikate.

Bibi Hansa hakuwa akijua lolote, hilo lilionekana usoni mwake. Aliliokota lile shati, akalikung'uta, akalikunja kwa namna yake ya kawaida, akaliweka juu ya mengine. Baba alitaka kunipokea kopo nikakataa. Basi akatusindikiza hivyohivyo mpaka stesheni, hatua kadhaa nyuma yetu, mfuko wa nguo begani, mvua ikimnyeshea yeye na nguo zake safi.

Jioni ile Mama hakupata nafasi ya kuzunguka vyumba. Nilimkuta mlangoni, koti bado limefungwa vifungo, nikasema, "Nimemwona Baba Ilford."

Aliuliza alikuwa anafanya nini. Nikamwambia anakunja shati. Akaniuliza analikunjaje, nikasema kwa kidevu. Kitu kama kicheko kikampita usoni, kisha akatembea moja kwa moja hadi nyuma, akapiga magoti na sare yake ya hospitali kwenye udongo uliolowa, akaanza kuchimba shimo la ule mche wangu. Nilimfuata.

"Ulituambia yuko Mbeya," nilisema.

"Nilisema Mbeya kwa sababu Mbeya ni mbali," Mama alijibu bila kuinua kichwa. "Ningesema Ilford ungeniuliza kwa nini hatuendi."

"Na kwa nini hatuendi?"

Mikono ya Mama ilikuwa ndani ya shimo, na ikatulia. Tangu mwezi wa nne sikuwa nimeiona mikono ile imetulia, na ilinitisha kuliko ambavyo ingenitisha angenipiga.

Jumapili iliyofuata Baba alikuja. Mama hakumfungulia mlango wa mbele, alimfungulia kilango cha pembeni kinachoingia bustanini. Alikuwa amebeba mfuko wa mikate. Mama akaupokea, akampa koleo. Mimi na Gwakisa tulipanda juu ya viti jikoni tukatazama dirishani mpaka kioo kikajaa pumzi zetu. Walikuwa wanapanda yale makopo ya Ilford. Tuliona wakibishana mahali pa kuweka nini, Baba akionesha huku, Mama akionesha kule, na Baba akichimba kule. Alipomaliza alikunywa chai amesimama kizingitini, hakuingia, na kabla giza halijashika akaondoka. Gwakisa alimpungia mkono na kumuuliza kama Mbeya ni mbali sana. Baba akamwambia si mbali kama zamani.

Alikuja hivyo Jumapili baada ya Jumapili. Mwezi wa kumi na moja ukaingia, sakitu ikaziunguza njano na shaba zikawa kama karatasi zilizochomwa, na ule mche wangu usio na haraka ndipo ukafunguka, ua jekundu na dhahabu peke yake kwenye udongo mweusi. Baba aliuona. Aliinama akaushika kidogo chini ya kichwa, akaniuliza nani aliuchagua. Halafu akaondoka kama kawaida. Nilikuwa nimeamini kwamba akiuona atabaki, na nililia nikiwa nimejifunika uso kwa taulo.

Alibaki mwezi wa tatu, siku ambayo mvua ilinyesha mno hivi kwamba Mama alisema kunywa chai nje ni upuuzi. Hapakuwa na hotuba. Aliingia, akavua viatu, vikakaa mlangoni pamoja na vyetu.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mimi ndiye niliyemrudisha. Sikumwambia mtu, lakini niliibeba imani hiyo kama nishani chini ya nguo. Mwaka jana, mwishoni mwa msimu, nilikwenda kumsaidia Mama kukata mashina. Wamezeeka sasa, yeye na Baba, wana nyumba yenye bustani ndefu kuliko ile, na amejaza pareto za rangi kila upande, hata nyeupe zipo. Tulikuwa tunayakata mashina yaliyokauka, tukiyaachia urefu wa kiganja, nami nikamtania, nikamwambia kama nisingekwenda Ilford siku ile angekuwa bado anahamisha maua.

Mama alicheka. Kisha akaweka mkasi chini, akaangalia dirisha la sebule, akateremsha sauti.

"Mimi nilikuwa naenda Ilford kabla yako," alisema.

Alikwenda majira yote ya joto. Akitoka zamu ya usiku, sisi tukiwa tumelala kwa rafiki wa kanisani, badala ya kurudi nyumbani moja kwa moja, alipanda treni mpaka kule, akasimama kituo cha basi mkabala na lile duka la mikate, akiwa amevaa kofia, na akangoja. Baba alitoka na unga kwenye viatu. Mama alimtazama akienda mpaka akipinda kona, halafu akarudi. Alitaka tu kuona kama anachosema kwenye simu ni kweli, kwamba kazi ipo na yeye yupo kazini. Mara ya kwanza ilikuwa kweli. Mara ya pili ilikuwa kweli. Akaendelea kwenda hata baada ya hapo.

Nikamuuliza kwa nini hakuvuka barabara akamsemesha.

"Ningevuka ningemsamehe," alisema, "na nilikuwa bado sijamaliza kukasirika."

Nilibaki na shina mkononi. Mtoto niliyekuwa mimi alidhani kwamba tulikuwa nyumba ya watu wanaongoja, na kwamba Mama alikuwa akihangaika kwa sababu Baba haji. Sikuwahi kufikiria kwamba mtu anaweza kuhangaika hivyo akiwa yeye ndiye anayengojwa, ana jibu mkononi na hawezi kulitoa, hawezi kulitupa, analihamisha tu kutoka huku kwenda kule. Wala sikujua kwamba hasira inaweza kupanda treni asubuhi, bila kulala, kwenda kuhakikisha kwamba mtu yuko salama.

Baba hajui mpaka leo. Yeye si msomaji wa vitabu, kwa hiyo nawaamini ninyi. Siku ile, tukiwa bado tumeinama, alifungua dirisha la sebule, akaita kuuliza kama kuna aliyeiona miwani yake. Ilikuwa kichwani pake, tuliiona wote wawili kutoka pale tulipokuwa. Nilitaka kumwambia. Mama akanishika mkono ninyamaze, akajifuta udongo kwenye gauni, akainuka, akaenda kumpa mwenyewe.